Fundi anajibu: Fremu imepasuka shingoni, nihamishe vifaa au ninunue nzima?

SWALI
Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya gia ya inchi 26, fremu ya aluminiamu, ya mtumba, niliinunua Kariakoo mwaka 2017. Siku za kazi naipanda Tabata hadi Posta, Jumapili tunatoka na wenzangu kwenda Pugu na Kisarawe. Wiki mbili zilizopita nikiwa naiosha niliona ufa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana tu nilibadilisha shokapu ya mbele, rimu ya nyuma na cheni, shilingi 320,000 zikateketea. Sasa kuna kijana Ilala ananiuzia fremu tupu ya inchi 29 kwa 280,000. Dukani nimeona baiskeli mpya kamili kwa 950,000. Mke wangu anasema niipeleke ikachomelewe kwa 15,000, yaishe. Nishike lipi?
Baba Wawili, Tabata

JIBU
Marahaba, mwanangu. Kabla ya hesabu yoyote, hiyo baiskeli isimame leo. Ufa ungekuwa sehemu nyingine tungezungumza, lakini shingo ndiyo inayobeba usukani, shokapu na kifua chako ukifunga breki. Ikiachia hapo Buguruni asubuhi, katikati ya daladala, hakuna atakayepata nafasi ya kukukwepa.

Chukua wembe, ukwangue rangi pale ulipouona mstari. Ukiishia kwenye rangi, basi ni rangi iliyokatika, funga gazeti ukapande baiskeli yako. Mstari ukiendelea ndani ya aluminiamu yenyewe, endelea kusoma.

Nianze na mkwe wangu, yaani mkeo, kwa sababu wazo lake si baya, limepitwa na wakati tu. Mimi nilijifunza kazi kwenye Phoenix za Uchina, zile nyeusi za chuma. Fremu ya Phoenix ikikatika tulichomelea asubuhi, jioni ikarudi njia ya Kisarawe kubeba magunia ya mkaa. Chuma kinasamehe. Aluminiamu haisamehi. Fremu nyingi kama yako, kiwandani zikishachomelewa huingizwa kwenye tanuri, zikapozwa ghafla, kisha zikaokwa tena kwa saa kadhaa ili nguvu irudi. Fundi wa mtaani, hata yule mwenye mashine ya gesi ya argoni, hana tanuri hilo. Atakuunganishia vizuri, utaona mshono umenyooka, lakini aluminiamu iliyo pembeni ya mshono imelainika kwa moto. Itapasuka tena, na safari hii sentimita moja kando ya kiraka. Kwa kibebeo cha mizigo ningekubali. Kwa shingo, hapana.

Sasa tuje kwa kijana wa Ilala. Watu wengi wanadhani fremu ni kama shati, unavua hili unavaa lile, vifungo vile vile. Fremu ndiyo inayoamua nani akae na nani aondoke, na hiyo ya inchi 29 itawafukuza karibu wote wa kwako.

Tuseme ni fremu ya miaka ya karibuni, kama nyingi za saizi hiyo. Nyuma ina upana wa milimita 148 na ekseli nene ya milimita 12 inayopenya toka upande mmoja hadi wa pili. Habu yako, kile kitovu cha gurudumu, kwa baiskeli ya umri huo, ni ya milimita 135 na ekseli nyembamba. Pengo la milimita 13. Zamani fremu ya chuma tuliikamata kwa mikono miwili tukaitanua au kuibana kidogo, ikatii. Ukiibana aluminiamu milimita 13 umeanza ufa mwingine kwa hela yako mwenyewe. Basi ile rimu ya mwaka jana imeshabaki nje.

Shokapu je? Bomba lake linalopanda shingoni limenyooka, milimita 28.6 juu mpaka chini. Shingo za siku hizi zimepanuka chini, zinataka inchi moja na nusu. Hilo lina dawa, kuna bakuli la kupunguzia upana wa tundu, linakaa. Lakini shokapu ya inchi 26 haina nafasi ya kumeza gurudumu la 29. Utaniambia, fundi, si niweke magurudumu yangu madogo tu, breki zenyewe za diski? Hata ukipata habu inayoingia, fanya hesabu. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, ya 26 ina 559. Tofauti ni 63, nusu yake ni 31.5. Maana yake baiskeli nzima inashuka sentimita tatu na pedali zako zinaanza kugonga mawe ya Pugu. Kwenye matuta ya Tabata utazisikia pia.

Hapo sijagusa ekseli ya pedali. Ya kwako nina hakika ni ya kusokota (na ukiifungua, upande wa cheni huwa unazunguka kinyume, nimeona vijana wakivunja spana hapo wakidhani kuna kutu). Fremu nyingi mpya ekseli inashindiliwa, haina nyuzi. Hapa naongea kwa uchungu. Mwaka 2016 nilinunua fremu ya buluu kwenye mzigo wa mtumba, 60,000, bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Nilipofika kibandani nikakuta tundu la ekseli halina nyuzi hata moja na shingo imepanuka. Nilitafuta vya kuipachika miezi minne. Fremu hiyo ipo hapa ukutani mpaka leo, wateja wanaitundikia kofia.

Bei ya kijana wa Ilala kwa hiyo si 280,000. Nimeiandika nyuma ya risiti ya wino, kwa bei za mtumba ninazozijua hapa kwetu: fremu 280,000, rimu mbili na habu zake 260,000 kama utabahatika kupata ya 148, matairi na tiubu 110,000, shokapu 220,000, ekseli ya pedali 35,000, bakuli za shingo na goroli 30,000, nyaya 20,000, na mimi unanilipa 40,000. Jumla 995,000. Umeipita ile mpya ya dukani, na bado umepanda vitu vya mtumba. Na kama utaamua kumsikiliza huyo kijana kwa sababu nyingine yoyote, geuza fremu kwanza uangalie chini ya ekseli ya pedali. Namba yake ikiwa imepigwa tupa, aga uondoke.

Ile mpya ya 950,000 siikatai, ila usiinunue kwa macho. Kandamiza usukani kwa uzito wako wote. Kwa bei hiyo shokapu nyingi ni springi tupu ndani ya bomba, inashuka na kurudi kama godoro bovu, haina kitu cha kuizuia. Yako ya mwaka jana inaweza kuwa bora kuliko hiyo. Angalia pia gia za nyuma: zikiwa saba na zimesokotwa kwenye habu, hiyo ni baiskeli ya sokoni iliyovaa suti, na ekseli ya habu ya namna hiyo hupinda mapema kwa mtu anayeshuka vilima.

Ningekuwa wewe ningetafuta mfu mwenye mifupa mizima. Baiskeli kamili ya mtumba, inchi 26, diski, ya rika la hiyo yako, ambayo fremu ni nzima lakini cheni imechoka, shokapu inavuja na rimu zina mawimbi. Zipo tele, kwa sababu kila mtu sasa anataka 29 na wauzaji wanazichoka 26. Kwa 250,000 mpaka 300,000 unaipata ukienda katikati ya wiki, mzigo wa mwisho wa wiki ukiwa umeshachambuliwa na wauzaji wanataka kufunga hesabu. Nenda na kipimo. Nyuma, ndani kwa ndani, iwe 135. Shingo iwe imenyooka, upana mmoja juu na chini. Ekseli ya pedali iwe na nyuzi. Shokapu iliyomo ishuke urefu unaolingana na wa kwako. Yako ikiwa ndefu kwa sentimita nne, usukani utapanda na baiskeli itakuwa nzito kukata kona. Ukubwa wa fremu, isimamie tu miguu ikiwa pande zote mbili, bomba la juu likuachie nafasi ya vidole vitatu chini ya msamba.

Hapo shokapu yako, rimu ya nyuma, cheni na breki vyote vinahama jioni moja. Ongeza nyaya na goroli 35,000, kazi 40,000, na hujafika 400,000. Mabaki yanakuwa akiba yako ya vipuri.

Usiku wa leo fanya jambo moja: legeza bolti ya siti uone kama bomba lake linazunguka. La aluminiamu ndani ya aluminiamu, miaka yote hii ya jasho na mvua za masika, huwa linaganda. Likigoma usilipige nyundo, limwagie mafuta ulaze usiku kucha. Na kama fremu ya mtumba ina tundu la kipenyo kingine, 27.2 badala ya 30.9 kwa mfano, bomba la kwako hata usihangaike nalo.

Ukikosa mfu huyo kwa miezi miwili, nenda kachukue ya dukani. Ile rimu na shokapu niletee, nitakutafutia mteja. Na mwambie mkwe wangu ile 15,000 asiitumie, itatosha kumlipa bodaboda wa kukuletea mzigo hapa Buguruni, na chai.