Mada ya utafiti ni pana mno, niipunguzeje?

SWALI: Tumepewa karatasi ya utafiti ya kurasa 8 juu ya riwaya ya Frankenstein. Nilipendekeza "Dhamira katika Frankenstein", mwalimu akairudisha akisema ni pana. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu ana haki. Dhamira zote haziingii kurasa 8, utaishia kusimulia kisa. Kabla ya kukimbilia maktaba, soma riwaya upya ukiwa na penseli, uweke alama kila palipokutatiza. Kwa riwaya hii una bahati: Mary Shelley aliichapisha mwaka 1818, kisha akatoa toleo alilolirekebisha mwaka 1831. Katika la kwanza Elizabeth, anayeolewa na mhusika mkuu Victor Frankenstein, ni binamu yake. Katika la pili ni yatima aliyechukuliwa kulelewa na familia hiyo. Basi uliza: badiliko hilo linageuzaje maana ya ndoa yao? Swali la "je" hujibiwa ndiyo au hapana, na karatasi huishia hapo. Tumia "vipi" au "kwa nini".

Jibu lako la muda liandike kwa sentensi moja ambayo msomaji makini anaweza kuipinga. Litafutie vifungu 3 au 4 vya kuliunga mkono, na kimoja kinacholitia shaka. Ukikosa hicho cha mwisho, pengine unasema jambo ambalo kila mtu analiona. Ndipo utafute wahakiki. Makala 4 au 5 zinazogusa swali lenyewe zinatosha.

Na tazama ukurasa wa uchapishaji wa nakala yako. Wengi hunukuu toleo la 1831 wakidhani ni la 1818, na hoja nzima ikaporomoka.