Maswali Yenu: Siku kumi kwenye makao ya watoto

SWALI: Sisi ni vijana 14 wa kanisa moja hapa Nakuru. Agosti tunakwenda Arusha kwa siku kumi kutumika kwenye makao ya watoto: kucheza nao, kubeba wachanga, kupaka rangi bweni na kugawa nguo. Tujiandae vipi?

JIBU: Wapendwa, anzeni na leseni. Tanzania, makao ya watoto huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwombeni mwenyeji nakala, kisha mtafuteni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mwulize kama anayafahamu makao hayo na kama kila mtoto ana jalada linaloonyesha ametoka wapi na ndugu zake ni nani. Mwenyeji akikwepa, ahirisheni safari. Wengi wa watoto hawa wana mzazi, bibi au shangazi aliye hai. Pale ambapo makao yanaishi kwa fedha za wageni, hakuna anayeharakisha kumrudisha mtoto kwao.

Kubeba wachanga, acheni kabisa. Mtoto wa miaka miwili aliyelelewa na bibi yake, akiona mgeni hujificha kwanza nyuma ya kanga, akachungulia. Yule anayewakimbilia pale getini, akawang'ang'ania miguu na kulia msiondoke, watu husema ana upendo. Mara nyingi ni mtoto aliyeachwa na mikono mingi hata hachagui tena. Siku ya kumi nanyi mtapanda basi. Huko Bucharest, Romania, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za kulelea watoto. Waliohamishiwa kwa familia za malezi walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anahitaji mtu yuleyule kila siku.

Basi mtumikieni mlezi. Mwenye watoto kumi na wawili, asubuhi ana nepi, uji na sare. Hana mkono wa kumbeba yeyote. Fueni ninyi, choteni maji, osheni masufuria, naye akae mkekani na wanaomjua. Kazi hiyo haihitaji watu 14. Watano wanatosha, na nauli za tisa waliobaki zinaweza kulipa mshahara wa mlezi wa ziada.

Rangi mwachieni fundi wa hapohapo anayetegemea kibarua hicho. Kama ukuta umepigwa plasta mpya, usubiri takriban wiki nne ukauke. Ukipakwa mapema unatoa malengelenge na kubanduka. Nguo msibebe marobota. Ombeni orodha ya idadi na saizi, mkanunue sokoni Kilombero pamoja na walezi.

Makaratasi: Mkenya haombi visa kuingia Tanzania, lakini kujitolea kunahitaji kibali cha Uhamiaji, na mwenyeji ndiye aanze kukifuatilia mapema. Msiseme mpakani Namanga kwamba mnakwenda kutembea tu. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo msichanje wiki ya safari. Kila mmoja awe na cheti cha tabia njema cha polisi. Asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto chumbani, hata kwa maombi. Picha za nyuso za watoto zisipigwe.

SWALI: Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Minneapolis. Nataka kukaa miezi mitatu kwenye makao ya watoto karibu na Kisumu, kwetu. Je, nifanye nini?

JIBU: Mama, ujuzi wako una kazi kubwa. Ukitaka kuhudumia wagonjwa, pata kwanza idhini ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Leseni ya Marekani haitoshi. Ila tungekushauri uwafundishe walezi: dalili za upungufu wa maji mwilini, kuchanganya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na lini mtoto apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Kisha uliza makao yamefikia wapi katika kuwarudisha watoto kwa familia, kwa sababu mkakati wa Kenya wa mageuzi ya malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unataka hivyo. Mtoto anayerudi kwa nyanya yake akiwa na pumu au kifafa anahitaji mtu wa kukaa na huyo nyanya mchana mzima, amwonyeshe dawa moja moja, kwa Kijaluo.