Viluwiluwi vya Artemia vinakufa hata kwenye kontroli: tatizo liko wapi?

SWALI: Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho wa famasia. Nimepima sumu ya dondoo la magome ya mti kwa viluwiluwi vya Artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi). Baada ya saa 24 karibu vyote vimekufa, lakini hata kwenye kontroli, yaani kichupa kisicho na dondoo, vimekufa 4 kati ya 10. Je, naweza kuandika kwamba dondoo lina sumu?

JIBU: Hapana, rudia jaribio. Fomula ya Abbott hurekebisha vifo vichache vya kontroli, kama 1 kati ya 10. Vikifika 4, hujui tena kilichoua ni nini.

Safari hii weka kontroli mbili: maji ya chumvi matupu, na maji ya chumvi yenye DMSO, kiyeyushi cha kuyeyushia dondoo. Vikifa kwenye kontroli ya DMSO tu, kosa ni kiyeyushi. Tuseme umeyeyusha miligramu 40 za dondoo kwa kila mililita ya DMSO. Mikrolita 30 ndani ya mililita 5 za maji zitakupa mikrogramu 240 kwa mililita, na DMSO itafika asilimia 0.6; usivuke hapo. Mikrolita 5 zitakupa mikrogramu 40, ila DMSO itakuwa asilimia 0.1 tu, kwa hiyo vichupa hivyo viwili havilinganishiki. Ongeza DMSO tupu hadi kila kichupa cha dondoo, pamoja na kontroli ya DMSO, kipate jumla ya mikrolita 30. Kwa mikrogramu 8 ungehitaji mikrolita 1, kiasi ambacho ni rahisi sana kukikosea kwa pipeti. Zimua kwanza dondoo mara 10 kwa DMSO, kisha chukua mikrolita 10.

Vikifa kwenye maji matupu pia, chunguza maji yenyewe. Maji ya bomba yana klorini. Tumia yaliyotoneshwa, gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita. Chumvi ya mezani ni karibu sodiamu kloridi tupu, haina magnesiamu na kalsiamu ya kutosha. Sabuni iliyobaki kwenye vichupa nayo huua, na hili wengi hulisahau.

Umri nao una uzito mkubwa. Kiluwiluwi kilichoanguliwa karibuni huishi kwa kiini cha yai lake. Kikijivua gamba na kuanza kula, huathirika kwa urahisi zaidi. Usichanganye vya jana na vya leo. Vivute kwa taa upande mmoja wa chombo, uviache mbali na maganda, uhesabu 10 kwa kila kichupa. Kwa kila ukolezi tumia vichupa vitatu.

Dondoo likiganda au kuacha mashapo chini, ukolezi uliouandika si wa kweli. Punguza kipimo.

Hata LC50 (ukolezi unaoua nusu ya viluwiluwi) ikitoka ndogo, andika "lina sumu kwa viluwiluwi vya Artemia" na uishie hapo. Kipimo hiki ni cha kuchuja tu. Usalama kwa binadamu hauwezi kusomwa humo, hasa kwa mti ambao watu tayari wanauchemsha na kuunywa.