Jibu: Kula nje na mtoto wa miezi saba, Mji Mkongwe

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeeleza kuwa mmefikia Mji Mkongwe, hapa Zanzibar, kwa mapumziko, na kila mkitoka kula jioni mwanao wa miezi saba huangua kilio kabla chakula hakijafika mezani. Tazama kwanza saa mnayotoka. Forodhani, bustani ya ufukweni yenye soko la vyakula vya usiku, huanza kuchangamka jua linapotua, wakati ambao watoto wengi wa umri huo wamekwisha kuchoka, na moshi wa mishkaki huwaingia machoni. Kwa hiyo sisi hula mlo mkubwa mchana, watu wakiwa wachache, kisha usiku baba watoto hutuletea urojo nyumbani. Mkilazimika kutoka jioni, kaeni upande unakotoka upepo, mbali na majiko, na muagize mara moja, kabla hujamtoa mtoto kwenye mbeleko. Mnyonyeshe hapo hapo chini ya mtandio, wala usione haya. Chakula chake mimi hukibeba mwenyewe: ndizi mbivu, ambayo huimenya na kuiponda kwa uma palepale, pamoja na maji yaliyochemshwa. Mtu akitaka kumwonjesha asali, kataa kwa upole, kwani haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.