Fizikia aiache?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili, hesabu anaziweza, ila anataka kuacha fizikia kwa kuwafuata rafiki zake. Nimwache?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Hapana, mzazi mwenzetu. Njia za wavulana na wasichana katika sayansi huachana hapo, kwenye kuchagua masomo, mapema kuliko chuoni. Kwa utaratibu uliozoeleka Tanzania, hisabati ni lazima hadi kidato cha nne. Fizikia na kemia huweza kuachwa kidato cha tatu. Bila fizikia hakuna michepuo ya kidato cha tano ya PCM (fizikia, kemia, hisabati), PGM (fizikia, jiografia, hisabati) wala PCB (fizikia, kemia, biolojia), na uhandisi na udaktari huponyoka.

Mara nyingi tatizo si akili. Jioni binti anaosha vyombo, kaka yake anakokotoa maswali (au yuko uwanjani!). Mgawanyie kazi hizo kaka yake, kisha uulize shuleni kama mazoezi ya maabara hufanyika kweli.