Muulize Mama Fundi: Gunia la vipande chini ya meza

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina cherehani mbili kibarazani hapa Buzuruga, Mwanza, nashona zaidi magauni ya vitenge. Chini ya meza nina gunia la vipande, halikai tupu hata kidogo, na baba watoto ameanza kulalamika. Shoga yangu ananiambia nitengeneze heleni, vibanio vya nywele na vipochi nikauze Makoroboi. Italipa kweli?
Fundi wa Buzuruga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya heleni nikuulize: vipande hivyo ni vya nani? Mteja akileta yadi tatu ukatumia mbili na nusu, ile nusu ni yake. Ndiyo maana mafundi tunasemwa huko mitaani. Mimi kipande chochote kinachozidi kiganja nakikunja ndani ya nguo, namkabidhi mwenyewe mkononi. Akisema "baki nacho tu fundi," hapo kimekuwa changu.

Biashara yenyewe, vibanio vya nywele vinatoka, hasa ukivishona vifanane na gauni na kumwonyesha mteja siku anapochukua nguo yake. Heleni za kitenge zimejaa mjini, sikushauri. Kipochi nacho kinataka zipu, bitana na kitu cha kukikaza, vyote vya kununua. Utajikuta unatoa pesa mfukoni ili kuokoa kitambaa cha bure. Bora mfuko wa sokoni. Tangu Juni 1, 2019, nchi ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mfuko wa nguo una kazi. Unganisha vipande vikubwa, weka mishikio inayofika begani, shona mshono mara mbili chini ili mtu akienda Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa usimchanikie njiani.

Lakini gunia lako linajazwa na mkasi, na huko ndiko pa kwenda kulipunguza. Sketi ya mwavuli na mikono ya duara ndiyo mabingwa wa kuacha pembe. Jaribu gauni hili la kunyooka: kitenge yadi mbili, upana sentimita 112, mteja mwenye hipsi isiyozidi 96. Kiloweke kwanza usiku mmoja, ukikaushe, kwa sababu pamba hurudi. Kisha kata urefu wa sentimita 112 kwa ajili ya mwili, ugawanye katikati: mbele 56, nyuma 56. Endelea na kipande cha urefu wa 45. Humo mikono miwili inachukua 40 na 40 za upana, inabaki 32. Kwenye hiyo 32 kata mifuko miwili ya pembeni, kila mmoja 16 kwa 33, halafu vikwapa viwili, vya kushonea chini ya kwapa, vya 12 kwa 12. Kinachobaki ni kakipande ka 8 kwa 12, katengenezee kitanzi cha kifungo au cha kutundikia. Shingo usikate duara. Acha bega wazi katikati kama sentimita 28, kunja ndani, pitisha mshono; inakaa shingo pana ya boti na wasichana wanaipenda. Umetumia sentimita 157 kati ya 183. Ukanda wa 26 unaobaki una upana wote wa kitambaa, hauna pembe wala tundu: mkanda wa kiuno, au kitambaa cha kichwani.

Kikwapa hicho si ushamba. Kanzu nyingi za kizamani zilikatwa hivyo hivyo, mistari iliyonyooka na kipande cha mraba chini ya kwapa ili mkono uinuke. Wajapani nao kimono wanaikata kwenye kitambaa chembamba, upana kama sentimita 36 na urefu kama mita 12, vipande vyote vimenyooka, karibu hakuna cha kutupa.

Kwa sketi ya vipande, pachika kimoja juu chini na kingine chini juu, vinaingiliana vizuri. Ila angalia maua kwanza! Kitenge chenye ndege au taa ukikigeuza, nusu ya ndege watatembea kichwa chini, na mteja ataona akiwa kanisani. Hicho kikate upande mmoja tu, na umwambie mapema aongeze nusu yadi.

SWALI: Mama, nasoma chuo hapa Nyegezi. Nanunua jinzi za mtumba Mlango Mmoja nizigeuze mikoba, lakini sindano zinavunjika kila nikifika kwenye makutano ya mishono.
Mwanafunzi

JIBU: Bila shaka unatumia sindano ya namba 14 ya vitenge. Omba namba 16, na kwa jinzi ngumu 18. Halafu pale mishono inapokutana usikanyage: zungusha gurudumu kwa mkono. Ukiona mguu wa cherehani umeinuka mbele, chomeka kipande cha boksi kilichokunjwa nyuma yake ili ukae sawa. Vilevile gonga mshono kwa nyundo kabla, juu ya ubao, ulainike. Na kwa nini unaupitia? Fumua mshono mnene wa ndani ya mguu wa jinzi, ubaki na paja lililotandazwa. Hicho ndicho kitambaa chako. Ukanda wa kiuno usiufumue kabisa, huo tayari ni mshikio. Mfuko wa nyuma uhamishie ndani ya mkoba, ukae simu.

SWALI: Vipande vidogo kabisa naweza kujazia mto wa kulalia?
Mama Watoto, Igoma

JIBU: Wa kulalia hapana, utaamka na shingo. Vinagandana na kuwa vizito. Jazia mto wa kukalia chini au pufu, ukivikatakata kwanza, na foronya yake iwe na zipu ili uitoe kufua. Tenganisha pamba na poliesta: choma uzi mmoja. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa kashanga kagumu keusi. Ya poliesta weka katikati ya mto, ya pamba pembeni mwilini. Na tafadhali, jirani akikushauri ukatupe Mto Mirongo wakati wa mvua, mwambie maji hayo yanaishia ziwani tunakochota.