Jibu: kwa nini 84.5 na si 85

Ndugu yangu wa Uyole, umeuliza kuhusu mbegu 100 za mahindi, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.8 wa kuota: kwa nini kutafuta uwezekano wa kuota 85 au zaidi mwalimu anaanzia 84.5?

Mbegu huhesabiwa nzima nzima, hakuna mbegu 84.7. Idadi ya zitakazoota hufuata mgawanyo wa binomia (majaribio mengi, kila moja kuota au kutoota), na mwalimu anaukadiria kwa mgawanyo wa kawaida (normal), ambao haujui hilo. Wenyewe ni mkunjo usiokatika, na uwezekano wake ni eneo chini ya mkunjo. Kila namba ya binomia ichukulie kama tofali lenye upana wa 1. Tofali la 85 linaanza 84.5 na kuishia 85.5. Ukianzia 85 umelikata katikati na nusu yake imepotea.

Angalia hesabu. Wastani ni 80, mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika) ni kipeuo cha pili cha 100 × 0.8 × 0.2, yaani 4. Ukitumia 85, z (umbali kutoka wastani, ukigawanywa kwa mkengeuko sanifu) ni 1.25 na uwezekano 0.1056. Ukitumia 84.5, z ni 1.125, unapata takriban 0.130. Binomia yenyewe inatoa 0.1285. Tofauti kati ya 0.1056 na 0.1285 si ndogo hata kidogo!

Soma swali kwa makini: "zaidi ya 85" huanzia 85.5.

Pia, kabla ya kutumia mgawanyo wa kawaida, hakikisha np na n(1−p) zote zimefika angalau 5 (n ni idadi ya mbegu, p ni uwezekano wa kuota). Mimi napendelea 10. Tukio likiwa adimu sana, tumia Poisson, mgawanyo wa kuhesabu matukio adimu.